Kitambaa cha Mama na Mishumaa ya Kijiji

Mama yangu alikuwa na kitambaa cha meza miaka mingi kabla hatujawa na meza. Ninaanza na hilo ili ijulikane mapema ni mtu wa namna gani ninayemzungumzia. Watu wengine hununua meza, kisha wakatafuta cha kuitandika. Mama alidarizi kitambaa kwanza, akakifungia kwenye sanduku la bati pamoja na majani ya mwarobaini ya kufukuza wadudu, halafu ndipo akaanza kumsumbua baba kuhusu meza.

Kilikuwa cha bafta nyeupe. Pindo zake zilifumwa kwa kroshia, na katikati palikuwa na maua ya waridi na majani yaliyojikunja, kwa mfano aliopewa na watawa wa misheni walipokuwa wakiwafundisha akina mama kushona. Waridi hazikuota kwetu, upande wa Itigi, ambako kinachoota bila kubembelezwa ni miiba. Mama hakujali. Alidarizi kati ya palizi na mavuno, akafumua na kudarizi upya, na kila nilipomuuliza ni cha nini alinijibu, "Cha siku watakapokuja watu wako."

Watu wangu maana yake wakwe. Siku upande wa baba ulipokwenda kwao kumposa mama, walikaribishwa chakula kwenye meza isiyotandikwa, yenye alama za kisu na madoa ya mafuta ya taa. Shangazi mmoja wa baba aliondoka na jambo hilo, akalitunza vizuri kuliko alivyotunza vitu vyake vingine. Ugomvi wowote ukitokea, hata wa kuku, alimalizia kwa kusema, "Sishangai, kwao tulikula kwenye meza kavu." Mama aliambiwa hivyo akiwa mwali, akaambiwa akiwa na watoto, na shangazi yule alipofariki nadhani aliendelea kuyasikia maneno yale kichwani. Hakutaka mimi niambiwe hivyo na mtu yeyote. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya kitambaa, na hakikutakiwa kufanya kazi nyingine.

Tulipohamia kijiji cha ujamaa, sanduku lile lilipandishwa kwanza kwenye trela la trekta, mimi nikapandishwa mwisho. Huko ndiko nilikochumbiwa. Mchumba wangu alikuwa bwana nyuki, kijana aliyeajiriwa kuwafundisha wanakijiji wa tarafa ya jirani kufuga nyuki kisasa. Nilikuwa nimemwona mara chache, kwa mbali, na nilichokijua juu yake ni kwamba alikuwa mrefu na hakusema sana. Mshenga alikuwa ameshafanya safari zake, na siku ya watu wao kuja kwetu kwa kula na kupatana mahari ilikuwa imepangwa. Mama alikitoa kitambaa, akakifua, akakipiga pasi, akakirudisha sandukuni. Alifanya hivyo tena baada ya siku chache, ingawa hakuna aliyekigusa.

Hapo ndipo kijiji kilipoingilia kati.

Kijiji chetu kilikuwa na asali kuliko kilivyokuwa na maji, na palipo na asali pana nta. Mwenyekiti alikuwa amesikia kwenye redio kwamba kila kijiji kijitegemee kwa kile kilicho nacho, akaamua kwamba sisi tutajitegemea kwa mishumaa. Tulikusanywa chini ya kivuli cha ghala tukayeyusha nta kwenye sufuria ya shule. Tambi tulizifanya kwa nyuzi za magunia ya karanga, zikatoka nene kama kidole. Mshumaa wetu haukuwaka, uliungua. Ulitoa moshi, ulipasuka cheche, na ulichuruzika pande zote kwa haraka ambayo ingemfurahisha mtu anayetafuta nta wala si mwanga. Halafu kamati ikaamua kwamba nta isichujwe sana, ibakizwe asali kidogo ndani, ili mshumaa unukie na mgeni ajue kwamba hakudanganywa.

Mgeni mwenyewe alikuwa mkubwa mmoja kutoka mkoani, ambaye angekuja kukagua mradi na kula chakula cha mchana. Mwenyekiti na wajumbe wake wawili walikuja kwetu jioni wakabisha hodi, wakakaribishwa viti, wakaulizwa habari za nyumbani. Baada ya kunywa uji Mwenyekiti akasema, "Mama, kijiji kimekuja kukuomba."

"Kijiji karibu," mama akasema.

"Meza ya mgeni haiwezi kuwa uchi. Tumesikia una kitambaa."

"Kina shughuli wiki ijayo."

"Wiki ijayo ni wiki ijayo. Na kitambaa ndani ya kijiji cha ujamaa, mama, ni kitambaa cha nani?"

Baba alitazama paa. Mama aliokota vikombe vya uji kimoja kimoja. Alijua kwamba akikataa, jina la mbinafsi litatufuata mpaka siku ya wakwe na kuwafikia wakwe wenyewe. Akakubali, lakini kwa masharti, na masharti yake yalijadiliwa na kamati kuliko ilivyowahi kujadiliwa mbolea.

Sharti la kwanza: pasiwe na bizari kwenye chakula, wala nyanya, wala mafuta mekundu. Lilipita. Sharti la pili: pasiwe na mlenda. Hapo kikao kikawaka. Mjumbe mmoja alisimama akauliza itakuwaje kiongozi wa wananchi aje Singida asile chakula cha wananchi, na je, huo si ubepari. Mama, ambaye aliitwa kujieleza, aliwaambia kwamba yeye mwenyewe amelelewa na mlenda na hana ugomvi nao, ila mlenda hauna breki. Ukiuchota hapa unafika kule, na katikati unaacha njia. Aliwaomba wamwonyeshe mtu mzima yeyote aliyekula mlenda mezani bila kuuacha mezani. Waliangaliana. Mlenda ukaahirishwa.

Sharti la tatu ndilo lililoshindwa. Mama alitaka kila mshumaa usimame ndani ya kopo la maziwa lililojazwa mchanga, ili nta ikidondoka idondokee humo. Mwenyekiti alisema kopo ni bidhaa ya kigeni, nalo litaficha nusu ya mshumaa, na mgeni hajasafiri vumbi lote lile kuja kuona makopo. Fundi seremala akaamriwa kuchonga vinara vya mti. Akavichonga virefu, vyembamba, vyenye miguu midogo, vizuri kweli kuvitazama, na ukivipulizia pumzi vinatikisika.

"Basi nitasimama hapo mezani mwenyewe," mama akasema, "na kisu cha kukwangulia na kitambaa kibichi. Tone likianguka nalidaka." Hilo walimkubalia. Alikuwa amefundishwa misheni kwamba nta ikipoa hukwanguliwa kwa mgongo wa kisu, halafu doa huwekwa kati ya karatasi mbili na kupigwa pasi mpaka karatasi inywe nta yote. Alikuwa amejiandaa kwa kila kitu, isipokuwa kwa kilichotokea.

Siku ya mgeni, meza ya walimu ilihamishiwa kwenye ofisi ya kijiji na kitambaa kikatandikwa. Sitasema uongo, kilipendeza. Hata Mwenyekiti alivua kofia. Mishumaa ikapangwa. Lakini ilikuwa saa sita mchana, na jua la kwetu wakati wa kiangazi halina haja ya kusaidiwa na mshumaa. Mwenyekiti akatoa amri madirisha yazibwe kwa mablanketi ili mwanga wa mradi uonekane. Yakazibwa. Ofisi ya bati, milango miwili, mablanketi ya sufu madirishani, na moto unawaka mezani. Waliokuwa ndani walianza kutiririka jasho kabla hata Landrova haijasikika.

Landrova ikaja, mgeni akashuka, tukapiga vigelegele. Nyuma yake akashuka kijana mrefu mwenye fulana ya kola, akiwa ameshika mkoba wa karatasi. Mkubwa alikuwa amepita njiani akamchukua, kwa vile ni mtaalamu wa nyuki na mradi ni wa nta. Alikuwa ni yeye. Mkwe wa mama.

Kwa watu wetu mama mkwe na mkwewe hawakutani hivi hivi. Hawaangaliani usoni, hawali meza moja, na wakikutana njiani mmoja huingia porini hata kama pori lina upupu. Mama alikuwa amesimama kando ya meza, kisu mkononi, mlinzi kamili. Alipomwona kijana anaelekea mlangoni alijitanda khanga kichwa kizima, akatoka kwa mlango wa nyuma akikimbia, na kisu chake.

Nilimkuta nyuma ya ofisi, amechuchumaa ukutani. Mimi nami sikuweza kwenda mle ndani, maana ningeonekana binti asiye na haya anayemtumikia mwanamume kabla watu wao hawajaja. Ndugu zangu wakubwa walikuwa kwenye ngoma. Baba alikuwa ndani, amekaa na wazee, na mama alikuwa amemwachia ishara kwamba mambo yakiharibika yeye akiwa nje, ataona mkono wake unapunga kwenye mwanya wa mlango, naye aizime mishumaa. Basi mama aliupunga mkono ule, na baba, mtu mwema, akadhani anaambiwa apige makofi. Akapiga. Wazee wote wakapiga. Mgeni akasimama akashukuru.

Kulikuwa na tundu la nondo kwenye blanketi la dirisha. Nikaweka jicho.

"Unaona nini?" mama akanong'ona.

"Wanakula wali."

"Mishumaa?"

"Inainama."

Ilikuwa inainama kweli. Joto la chumba lilikuwa limeilegeza, na mmoja baada ya mwingine ilianza kupinda kama wazee wanaoamkiana. Nta ilikuwa inatiririka kwenye vinara, inafika miguuni, inasita. Mama aliniuliza kama imefika kwenye kitambaa nikamwambia bado. Akaniuliza tena. Nikamwambia bado, mama. Akaanza kusali kwa sauti ndogo, na katikati ya sala akaniuliza kwa mara nyingine.

Halafu wakaja nyuki. Wale hawakualikwa, ila kamati ilikuwa imewatengenezea harufu. Waliingilia mlango wa mbele, wachache kwanza, kama wajumbe, kisha wengine, wakaenda moja kwa moja kwenye mishumaa kuichukua asali yao. Wazee waliinama chini ya benchi. Mgeni alibaki wima, kijiko hewani, kwa kuwa kiongozi hakimbii nyuki mbele ya wananchi. Macho yote yakamgeukia mtaalamu.

"Msipunge mikono," mchumba wangu akasema, kwa sauti tulivu ambayo nilikuwa sijawahi kuisikia. "Tulieni tu. Nyuki hana shida na mtu aliyetulia." Wakati anasema hayo, mshumaa mkubwa kuliko yote, uliokuwa mbele ya mgeni, ulimaliza kuinama ukaelekea kwenye tai yake. Kijana akaudaka. Aliushika pale palipokuwa laini, nta ya moto ikamwingia katikati ya vidole, na yule aliyekuwa anawaambia watu watulie akaurusha ule mshumaa juu kwa nguvu zake zote.

"Nini hicho?" mama akauliza.

Mshumaa ulitua katikati ya waridi. Ulikiangusha kinara cha pili, cha pili kikaangusha cha tatu, na nta ya njano ikazizima tambi, ikamwagika kwenye bafta kama uji uliofurika. Mama alijua kwa jinsi nilivyolibandua jicho kwenye tundu. Alikaa chini kwenye vumbi, akakiweka kisu mapajani, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilimwona mama yangu hana la kufanya. Niliumia sana. Nilimchukia kijana yule kwa moyo wangu wote, na Mwenyekiti, na nyuki.

Mwenyekiti alimnong'oneza kijana aliyeungua vidole kitambaa ni cha nani. Niliuona uso wake unavyobadilika. Alitazama huku na huku kama anayetafuta wa kumwomba radhi, na hakukuwa na yeyote ambaye desturi ilimruhusu kuzungumza naye. Akapanda Landrova pamoja na mgeni, mkono umefungwa kwa leso, akaondoka.

Jioni mama alianza kazi. Alikwangua, akamwagia maji ya mtungi nta igande, akakwangua tena. Ikabaki ile iliyokwisha kunywewa na uzi. Sasa ilitakiwa pasi na karatasi, na karatasi nzuri ni ile ya kaki ya mifuko ya sukari, lakini dukani hakukuwa na sukari wala mifuko yake tangu mwezi wa nyuma. Mwenyekiti, ambaye dhamira ilikuwa inamsumbua, alileta mwenyewe gazeti la ofisi, lile lililokuwa limebandikwa ukutani. Mama alilitandika, akaiwasha pasi ya mkaa, akapiga.

Nta ilitoka kidogo. Lakini pale ilipobaki, wino wa gazeti uliingia. Alipolifunua, katikati ya waridi palikuwa na picha ya trekta, limeelekea upande usio wake, na chini yake habari ya kilimo cha karanga, herufi zote zimegeuka nyuma kama zinavyoonekana kwenye kioo. Ilichapika vizuri kuliko ilivyochapika gazetini. Mwenyekiti aliitazama sana, akasema taratibu kwamba si mbaya.

Mama alikifua kwa sabuni ya kipande, akakisugua kwa ndimu na chumvi, akakichemsha, akakianika juani. Nyuki walikuja wakakifunika chote kwenye kamba, ikabidi tuwafukuze kwa moshi, na moshi nao ukaacha rangi yake. Trekta halikutoka. Nilimwambia mama sitaki kuolewa na mtu asiyeweza kushika mshumaa.

"Utaolewa na mtu," mama akasema bila kuinua kichwa. "Huolewi na mshumaa."

Siku ya wakwe ilipofika alikitandika hivyo hivyo. Afadhali meza yenye trekta kuliko meza isiyo na kitu, alisema, na sauti yake haikuwa na uhakika. Tulipanga vyombo kama watu wanaoficha magendo. Bakuli kubwa la wali juu ya trekta, birika juu ya habari ya karanga, sahani ya kuku kwenye doa la njano. Halafu mama akajificha nyuma ya pazia la chumba cha ndani, nami pamoja naye, kwa kuwa bwana harusi alikuwa ameletwa na desturi ilikuwa pale pale.

Watu wao walimleta shangazi yake. Nilipomwona, mwanamke mpana mwenye macho yasiyopitwa na kitu, niliusikia mkono wa mama unanishika. Wakaamkiana, wakanawa, wakakaa. Shangazi akanyanyua bakuli la wali ili apakue.

Alitazama mezani. Akainamisha kichwa upande mmoja.

"Hili ni trekta?" akauliza.

"Ni trekta," baba akasema.

Mshenga, ambaye ndiye mwenye haki ya kusema siku kama ile, alianza kunawa mikono kwa mara ya pili. Bwana harusi hutakiwa kukaa kimya kama mgonjwa, wengine wamzungumzie. Yule akasimama.

"Shangazi, nimekiharibu mimi," akasema. "Siku ile ya mishumaa niliyowaambia. Mama alikidarizi kwa ajili yenu ninyi. Kilikuwa hakijawahi kutumika."

Shangazi aliushusha mkono wake hadi kwenye ua moja lililosalimika, akalipapasa kwa kidole. Kisha akafanya jambo ambalo hatukulitegemea. Alinyanyua sahani yake kutoka mezani akaipakata. Mzee aliyekuwa kando yake naye akanyanyua yake. Wakanyanyua wote. Walikaa wameinua viwiko, vyombo mapajani na vifuani, mmoja ameshika bakuli la mchuzi juu ya kichwa cha mwenzake, na hakuna aliyethubutu kula, wasije wakadondosha hata punje kwenye kitambaa walichokwisha kukiharibu. Baba aliwakaribisha. Wakasema asante, wakabaki hivyo hivyo. Wali ukaanza kupoa.

Mama alichungulia. Aliwatazama wageni wake wanaoogopa meza yake. Kisha akajitanda khanga, akaligeuzia pazia mgongo, akatoka kinyumenyume ili asimwone mkwe wala mkwe asimwone uso, akipapasa njia kwa kisigino. Alipofika mezani akashika pindo akiwa bado amewapa mgongo.

"Inueni birika," akasema.

Wakainua. Akakivuta kitambaa chote, akakikunja kifuani. Meza ikabaki mbao tupu.

"Sasa kuleni," akasema.

Shangazi alisogeza benchi. "Tutakula," akasema, "wewe ukikaa hapa na sisi." Na wote tukajua haiwezekani, kwa sababu mkwe alikuwa pale mezani.

Yule kijana alijua kabla yetu. Alichukua sahani yake kwa mkono wenye vidole vilivyobanduka ngozi, akampita mama bila kugeuza kichwa, akatoka nje juani. Nilimwona kwa dirishani. Alikula amesimama, ameegemea ukuta, mbuzi wanamzunguka, siku ya posa yake mwenyewe. Mama aligeuka taratibu, akakaa kwenye nafasi aliyomwachia, shangazi akampakulia.

Nilikuwa sijawahi kumwona mama anakula mezani na wageni. Alikula taratibu, kitambaa mapajani, akidondosha wali. Mimi nilibaki dirishani, nikimtazama mtu wangu anakula, na nikaomba watu wa ndani wapatane mahari haraka.